Mwandika misalaba wa Same na milango yenye sola

Saa mbili asubuhi, Maore. Jua limeshapanda juu ya mashamba na joto limeanza kutoka ardhini. Tumainieli Mrutu amesimama juu ya stuli mbele ya nyumba ya bati la bluu, kopo la rangi nyeusi mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia. Anaandika herufi H pembeni mwa mlango.

Uani pamejaa majirani. Mwanamke mmoja amemgeuza mtoto wake na kumficha uso ndani ya kanga. Vijana wawili waliokuwa wakipita na baiskeli wamesimama mbali, mmoja amevua kofia.

Mwenye nyumba ni Dorkas, mjane wa makamo anayeuza soda na maji baridi kwa friji inayoendeshwa na sola. Amekaa kwenye benchi, ukuta ameupa mgongo.

“Umefika wapi?” anauliza bila kugeuka.

“Namalizia mstari wa kwanza, mama.”

“Usinisomee. Wewe malizia tu.”

Kinachoandikwa hapo si siri wala si laana. Ni pembetatu ya manjano yenye jua na mchoro wa radi, na chini yake maneno machache: HATARI. SOLA JUU YA PAA. UMEME HAUZIMIKI MCHANA. Kisha mshale mwekundu unaoelekeza upande wa nyuma ya nyumba, zilipo swichi na betri. Ni ujumbe kwa askari wa zimamoto, kwamba moto ukitokea wajue kinachowasubiri kabla hawajaingia.

Wanaoangalia wanajua kusoma. Wasichoweza kukivumilia ni mwandiko wenyewe.

Kwa miaka mingi Tumainieli amekuwa mwandika mabango mjini Same. Ameandika majina ya maduka, matenki ya maji, mageti ya shule na mikia ya malori yanayopita barabara kuu. Lakini kazi iliyomfanya afahamike toka Hedaru hadi milimani ni misalaba ya makaburini. Mtu akifariki, fremu ya mbao huletwa kwake, naye huandika jina, kuzaliwa na kufa. Herufi A ya mkono wake ina kijimkia kinachoshuka kushoto, na kila aliyewahi kufukia mtu wake upande huu wa Upare anaufahamu mkia huo.

“Siku nyingine rangi inakuwa haijakauka wanapotupia udongo,” anasema. “Nimeandika watoto, nimeandika wachungaji. Baba yangu mwenyewe nilimwandika mimi. Sasa mkono ule ule ukija kwenye mlango wa mtu mzima anayepumua, nakubali, unatisha.”

Msalaba wa mume wa Dorkas aliuandika yeye.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, hata wateja humwomba arudie maneno. Hakuanza habari za sola kwa kupenda. Zilimfuata kupitia mdogo wake wa mwisho, Elinaza.

Elinaza ni askari wa zimamoto. Miaka minne iliyopita gari lao liliitwa kwenye kijiji kimoja juu ya Gonja, ambako nyumba ya Mzee Gideoni, mwalimu mstaafu, ilikuwa ikiwaka adhuhuri. Ni safari ndefu. Unaacha lami Same, unafuata barabara ya Kisiwani tambarare kwa tambarare, halafu unaanza kupanda kona baada ya kona katikati ya migomba na mashamba ya tangawizi. Walipofika, majirani walikuwa wameshamtoa mzee na wamemwaga maji na mchanga kadiri walivyoweza.

“Nilichouliza kwanza ni umeme,” Elinaza anakumbuka. “Wakaniambia umekatwa, swichi kubwa imeshushwa. Na ni kweli ilikuwa imeshushwa. Hakuna aliyenidanganya.”

Walizima moto wa mbele. Sebuleni moshi ulikuwa umeanza kukonda. Elinaza aliingia akiwa na fimbo ya chuma yenye ndoano ili avute mbao za dari, aone kama kuna makaa yamejificha. Ndipo aliposikia mvumo.

“Kama nyuki wako mbali,” anasema. “Nikasimama. Nikajiambia ni masikio tu, kelele za pampu. Nikanyanyua ndoano ikagusa bati.”

Mkono ulikaza. Hakuweza kuiachia fimbo wala kupiga kelele. Anasema aliona kila kitu wazi kabisa: picha ya harusi ukutani iliyopinda kwa joto, kiti kisicho na mto, mwenzake akimtazama mlangoni kwa mshangao kwa sababu alidhani Elinaza amesimama tu kufikiri. Alikuwa amesimama wima, macho yamefunguka, huku umeme ukimpita. Mwenzake aliipiga fimbo kwa ubao mkavu, Elinaza akaanguka.

Juu ya paa la Mzee Gideoni kulikuwa na sola kubwa, zawadi ya watoto wake walioko mjini. Moto ulikuwa umekula ngozi za waya, shaba imebaki uchi imeegemea bati. Umeme wa nguzo ulikuwa umekatwa, lakini jua lilikuwa linawaka, na hakuna swichi ya kulishusha jua.

Elinaza alipona. Mkono wa kulia ulibaki na vidole vyake vyote, ila hauhisi. Unaweza kumshikisha barafu au kikombe cha chai ya moto, akakutazama akisubiri umwambie ni kipi.

Alikuwa bado hospitalini habari zilipoteremka kutoka mlimani. Ile nyumba ilikuwa inaimba.

Mzee Gideoni alikuwa amehamia kwa mwanawe Moshi, na magofu yamebaki bila mtu. Lakini kila asubuhi, jua likishafika kwenye paa, sauti ya mwanamke ilianza kutoka ndani. Siku nyingine iliimba, siku nyingine ilizungumza kwa upole mambo yasiyosikika vizuri. Jua likizama ilinyamaza. Mke wa Mzee Gideoni alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya moto, na enzi za uhai wake alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika. Watu walikata njia mpya kupitia mashamba ili wasipite mbele ya nyumba hiyo.

“Mdogo wangu akawa hapati usingizi,” anasema Tumainieli. “Nikienda kumwona, badala ya salamu ananiuliza, ‘Dada, ile nyumba bado inasema?’ Nikaona nisipokwenda mimi, huyu mtoto atarukwa na akili.”

Alimwomba Novatus amsindikize. Novatus ni fundi umeme aliyekuja Same akitokea Bukoba kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, akaishia kufunga sola za watu. Walipanda kwa pikipiki, na walipofika walipokelewa na jirani mmoja, mama aitwaye Redempta, ambaye alikataa kuvuka mpaka wa uzio.

“Shikamoo, mama. Ni kweli kuna sauti?” Tumainieli alimuuliza.

“Marahaba. Kaa kimya utasikia. Anaanza jua likigusa mgomba ule. Marehemu naye ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuamka na jua.”

Wakakaa kimya. Kutoka nyuma ya kuta nyeusi zisizo na madirisha ilikuja sauti ya kike, nyororo, ikiimba pambio la asubuhi. Tumainieli anasema hakuogopa mara moja. Hofu ilikuja baadaye kidogo, wingu lilipopita.

“Wingu lilifunika jua, sauti ikakatika katikati ya neno,” anasimulia. “Haikufifia. Ilikatika tu. Tukasikia majivu yanadondoka. Halafu wingu likaondoka na sauti ikarudi, lakini haikumalizia lile neno. Ilikuwa inaongea jambo jingine kabisa, kama mtu aliyekatizwa akaamua kuacha. Nikamshika Novatus mkono kama mtoto.”

Novatus alitoa mita yake. Alimwonya asiguse ukuta, mlango, wala kipande chochote cha bati kilichokuwa chini. Alipogusisha ncha za mita kwenye paa lililobaki, namba ziliruka. Miezi ilikuwa imepita tangu moto, na paa lilikuwa bado lina nguvu ya kumkaza mtu kama lilivyomkaza Elinaza. Walikuta pia mbuzi aliyekufa kwenye kona, amekauka, mdomo umegusa bati.

“Nyumba hii imekufa,” Novatus alimwambia, “lakini hakuna aliyeiambia.”

Sauti yenyewe waliikuta kwenye jiko la nje, ambalo moto haukulifikia. Ilikuwa redio ndogo juu ya kabati la vyombo, imeunganishwa moja kwa moja na kijipaneli kilichofungwa juu ya jiko. Betri ilikuwa imeharibika zamani. Jua likitoka, redio inaamka. Jua likifichwa, inazima. Mzee Gideoni alipopigiwa simu Moshi alisema kwamba mkewe hakuwa na desturi ya kuizima redio hiyo na kwamba yeye, baada ya msiba, hakuwa na moyo wa kuigusa.

Novatus alifunika paneli za nyumba kubwa kwa turubai zito akitumia mti mrefu mkavu, akazikata nyaya na kuzifunga ncha moja moja. Alipofunika na ile ya jikoni, wimbo ulikatika. Pale uzioni Redempta alipiga yowe.

“Mmemfanya nini?”

Tumainieli alimpelekea redio mikononi, akamweleza. Redempta aliitazama bila kuishika.

“Alisema hivi, ‘Basi mngemwacha amalizie wimbo.’ Maneno hayo mpaka leo ninayo,” anasema Tumainieli.

Alirudi Same akamweleza mdogo wake yote, na usiku huo Elinaza alilala. Kesho yake, akiwa amekaa kitandani, alisema jambo lililobadili kazi ya dada yake.

“Kama pangekuwa na alama mlangoni, dada, nisingenyanyua ile fimbo. Ningeomba turubai kwanza. Askari hana haja ya kujua mengi. Anataka kujua kama paa lina jua na waya unashukia wapi.”

Tumainieli aliona hiyo ni kazi ya mwandika mabango. Alikwenda kuzungumza na ofisa mmoja wa zimamoto, ambaye alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili na kumsaidia kuchagua maneno, ukubwa wa herufi na mahali pa kuiweka alama, upande ambao gari hufikia kwanza. Novatus alijitolea kumwonyesha kila nyumba swichi ilipo. Walianza na nyumba za Same mjini, kisha Makanya, kisha vijiji vya bondeni. Mwenye nyumba analipia rangi tu.

Wa kwanza walikubali haraka. Halafu maneno yakaanza.

Ilisemwa kwamba nyumba ikishaandikwa na Mama Misalaba, imeshahesabiwa. Ilisemwa anaandika mlango leo ili kesho aje kuandika msalaba. Sokoni wachuuzi walianza kumwachia nafasi alipopita. Mwanamke mmoja wa kanisani kwake alimwomba kwa adabu asije nyumbani kwake wakati wa maombolezo wala wakati mwingine.

“Nilianza kujiogopa mwenyewe,” anasema. “Nikiosha brashi naitazama. Unajua, nilikuwa natumia hizo hizo. Nikanunua nyingine za milango peke yake, lakini mkono siwezi kununua mwingine.”

Dorkas alikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Binti yake anayefanya kazi Arusha ndiye aliyenunua sola ya friji, na ndiye aliyeomba kwa simu alama iwekwe. Dorkas hakuwepo siku hiyo. Alirudi kutoka mnadani na kukuta mwandiko mlangoni.

“Nilisoma herufi, sikusoma maneno,” anasema Dorkas. “Niliiona ile A. Nikaona jina la mume wangu, ingawa halikuwepo. Niliketi pale pale njiani.”

Alichukua jiwe la kusugulia miguu na mafuta ya taa, akasugua ukuta hadi plasta ikatoka. Kwa muda mrefu palibaki kidonda cheupe mlangoni, na wateja walipouliza, alisema ni unyevu.

Kisha nyumba ya Hamdani, Makanya, ikawaka.

Hamdani anafanya kazi kwenye machimbo ya jasi. Alama ya Tumainieli ilikuwa mlangoni kwake tangu kiangazi kilichotangulia. Alasiri moja, akiwa machimboni, moto wa mkaa jikoni ulishika pazia, ukapanda darini. Ndani alikuwemo mama yake, Bibi Lukia, ambaye miguu haimchukui tena bila msaada.

Gari la zimamoto lilitoka Same kwa barabara kuu na kufika wakati moshi umeshaifunika nyumba nusu. Elinaza alikuwemo. Haingii tena ndani ya moto. Kazi yake sasa ni pampu na mawasiliano. Lakini yeye ndiye aliyeuona mlango kwanza, kwa kuwa anaufahamu mwandiko wa dada yake hata kwenye moshi.

“Turubai!” alipiga kelele. “Paa lina jua! Swichi nyuma, kulia!”

Wenzake walifunika paneli, wakaufuata mshale hadi kwenye swichi, wakaishusha, ndipo wawili wakaingia. Walitoka na Bibi Lukia mgongoni. Nyumba iliharibika upande mzima, lakini yeye alitoka na kikohozi tu.

Bibi Lukia sasa anakaa kwa jirani wakati mwanawe anajenga upya. Huongea polepole, akitazama juu kila mara kana kwamba lile bati bado liko juu yake.

“Nilikuwa nimelala chali, siwezi kuinuka,” anasema. “Bati juu yangu likawa linavuma. Mvumo mbaya, mwanangu, kama kitu kinachonitafuta kwa jina. Halafu mara likanyamaza, kimya kabisa. Nikasema, basi, nimeshakufa. Nikatulia. Kumbe ndio walikuwa wamelifunika. Yule kijana aliponishika bega nikamwambia, ‘Niache, mimi nimeshafika.’ Akacheka akaniambia, ‘Bado, bibi.’”

Ungedhani maneno yangekwisha siku hiyo. Yalizidi. Nyumba iliyoandikwa imewaka, si mnaona? Ndani ya wiki hiyo alama kadhaa zilifutwa Makanya na Same, na Tumainieli aliacha kutoka. Alifunga kibanda chake. Hata misalaba aliikataa, akawaelekeza wafiwa kwa seremala mmoja ambaye herufi zake ni mbaya.

Aliyemrudisha kazini ni Hamdani. Alimbeba mama yake kwa bajaji, akazunguka naye kwenye nyumba zilizofuta, moja baada ya nyingine, na kila mlango Bibi Lukia alieleza kile alichokisikia kikivuma na jinsi kilivyonyamaza. Hakumsihi mtu. Alieleza tu, akamaliza, wakaenda kwingine. Habari zilifika Maore kwa njia ya wafanyabiashara wa mchele, na Dorkas alipanda gari kwenda Makanya kumsikia bibi huyo kwa masikio yake mwenyewe. Aliporudi alimpigia Tumainieli.

“Sikumwomba msamaha,” anasema Dorkas, bado ameupa ukuta mgongo. “Nilimwambia njoo uandike. Ila nikamwambia, naogopa bado. Akaniambia hata yeye.”

Mstari wa mwisho umekamilika. Tumainieli anashuka kwenye stuli, anafunika kopo, anasogea pembeni. Majirani wanasubiri. Dorkas anakaa kidogo, kisha anainuka na kugeuka, kanga ameishikilia kifuani. Anasoma kwa sauti kama mtu anayesoma somo kanisani, neno moja moja, mpaka mwisho wa mshale. Yule mwanamke mwenye mtoto anamfunua mtoto wake uso.

“Ni hayo tu?” Dorkas anauliza.

“Ni hayo tu, mama.”

Dorkas anaingia ndani na kumletea soda ya baridi.

Hata hivyo Tumainieli hadanganyiki. Anajua ziko nyumba ambazo mkono wake hautaingia kamwe, na kila wiki anaona mapaa mapya yanang'aa milimani. Kwa hiyo, katika kibanda chake mjini Same, ameanza kitu kingine.

Anachukua vipande vya bati, anavilaza juu ya gogo, na kwa msumari na nyundo anatoboa kutoka nyuma, tundu kwa tundu, hadi upande wa mbele yatokee matuta ya jua, radi na mshale. Hakuna brashi, na hakuna A yenye mkia. Vibao hivyo vitapigiliwa kwenye nguzo ya uzio au kwenye fremu ya mbao, mbali na waya, na mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuvitengeneza. Fundi mmoja wa Mwanga, Erasmo, ameshakubali kuchukua kielelezo ili wa Ugweno nao wapate. Tumainieli anatumaini kila kata ya milimani itakuwa na fundi wake.

“Nataka viwe vingi mpaka isijulikane nani alianza,” anasema. “Mimi nibaki na misalaba yangu. Hiyo siiachi, mtu lazima aandikwe vizuri mara ya mwisho. Lakini milango iandikwe na wengine.”

Kuna sababu nyingine ya matuta hayo. Askari ndani ya moshi mzito haoni hata kiganja chake. Herufi za rangi hazimsaidii chochote, ila tuta la bati anaweza kulipapasa.

Jioni hii Elinaza amepita kibandani akitoka zamu, bado amevaa buti. Dada yake anamfunga kitambaa machoni na kumsimamisha mbele ya kibao kipya. Elinaza anapeleka mkono wa kulia, kwa mazoea. Vidole vinatembea juu ya bati lote, taratibu, vikienda na kurudi.

“Hapa kuna kitu?” anauliza.

“Kipo,” anasema Tumainieli. “Badili mkono.”

Anabadili. Mkono wa kushoto unagusa jua, unazunguka miale yake, unashuka kwenye radi, unasimama. Kisha unaupata mshale. Elinaza anageuza mwili wote kuelekea unakoelekeza, anapiga hatua kwenye giza lake, na kunyoosha mkono mbele, kuitafuta swichi.